MASINI INAYOTEMBEA YENYEWE

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unajibu barua moja tu, juu barua hiyo iko na uzito. Mama mumoja mukristo ametuandikia kurasa tatu. Sitataja jina lake wala mutaa wake. Yeye mwenyewe ameruhusu nieleze habari, kwa sababu anajua kuna jamaa zingine zenye mateso ya namna hii.

Bwana yake alikuwa mufanyakazi wa Gécamines. Alitoka mu kazi mwaka 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa mupango ule wa kuacha kazi kwa hiari. Wengi wenu munaukumbuka, ao wazazi wenu wanaukumbuka. Na feza aliyopata alinunua turu ndogo ya zamani. Kwa wale wasioijua, turu ni masini ya kukereza chuma: kipande cha chuma kinafungwa mu mandreni, kinazunguka, na kisu kinakikata mpaka kinakuwa duara. Kwa turu ile aliwasomesha watoto wote. Alitengeneza aksi za masini za kusaga mahindi, bushi za pampu, pini za magari makubwa. Mutoto wake wa tatu alisoma elektromekaniki, na mwaka uliopita alifunga motere mbili za hatua ku turu ya baba yake, na variatere ku motere kubwa, ili ordinatere iongoze kisu pahali pa mikono.

Halafu masini ikaanza kutembea yenyewe. Kisu kilikuwa kinasogea bila mutu kuamuru. Kulikuwa pahali pamoja, karibu na mandreni, ambapo ilikuwa inatetemeka kama mutu mwenye homa. Siku moja kisu kikaingia mu mandreni, kikavunjika, na kipande kikapita karibu na jicho la kijana. Sasa, juma moja mbele ya ajali ile, mujomba wa kijana, ndugu ya mama wa tumbo moja, alikuja kuomba feza. Alikosa. Alikaa kidogo karibu na masini, halafu akaenda zake. Wadogo wa baba wakasema: ni yeye. Tangu siku ile hakuna mutu mu nyumba anamusalimia, na mama iko katikati. Anauliza: “Pasta, tuombee masini ao tuiuze? Na ndugu yangu, nimufanye namna gani?”

Mama, nilisoma barua yako mara mbili, halafu nikamupa ndugu mumoja fundi wa umeme wa kanisa letu aisome naye. Mimi nilipita mu shule ya ufundi mbele ya kuingia shule ya Biblia, lakini yeye ndiye anashika kazi hii kila siku. Alipofika ku maneno “inatetemeka pahali pamoja,” akasema: “Tuende tuangalie kable.” Njo tulikuja kwenu Jumamosi ile.

Vijana mulio na mawazo ya kufunga motere ku turu ndogo, na ninyi ni wengi kadiri ya barua zinazofika, musome pole pole. Watu wanaangalia sana motere, wanaangalia ordinatere, wanaangalia vis mupya. Kable inafungwa mwisho, mangaribi, wakati kila mutu anataka kuona masini inatembea. Na kable njo inaletaka ugomvi mu jamaa.

Tulikuta nini? Kwanza, kable zote zilifungwa pamoja mu fungu moja, kama kuni: kable ya motere kubwa inayotoka ku variatere, kable za motere mbili za hatua, na waya ndogo za amri pamoja na zile za swichi za mwisho wa safari. Kijana alizifunga vizuri, kwa vifungo vya plastiki, zikapendeza macho. Pili, kable ya motere ya kisu, ile inayosafiri pamoja na shario, ilikuwa kable ya nyumba, yenye waya moja nene ndani, na ilipita mbele ya masini, juu ya ukingo wa sinia ambamo maganda ya chuma yanaangukiaka. Tatu, waya ya tere ya masini ilifungwa ku vis yenye rangi. Rangi haipitishe umeme. Kwa hiyo ilikuwa kama haiko.

Hatukusema kitu bado. Tulimuomba kijana aweke komparatere ku shario, ile saa yenye sindano inayoonyesha mia ya milimetere. Motere za hatua zikiwa na umeme na motere kubwa ikiwa imezimwa, sindano haikusogea robo ya saa nzima. Tukawasha motere kubwa. Sindano ikaanza kutembea upande wa mandreni, kidogo kidogo. Tukazima, ikasimama. Tukawasha, ikatembea tena. Wadogo wa baba walikuwa wamesimama pale mulangoni. Mujomba alikuwa kwake, mbali, hata hakujua tumekuja.

Sasa niwaeleze. Motere ya hatua inapokea amri kwa mapigo madogo ya umeme. Pigo moja, hatua moja. Motere nyingi za namna hii ziko na hatua 200 mu muzunguko mumoja. Kama vis inayosukuma shario inasogea milimetere 5 kwa muzunguko, hatua moja ni milimetere 0,025. Kwa hiyo mapigo 40 ya uongo yanatosha kusogeza kisu milimetere 1 nzima. Na kama ni ile motere ya kuingiza kisu ndani ya chuma, milimetere 1 pale inakuwa milimetere 2 ku upana wa duara, juu kisu kinakula pande zote mbili. Bushi yako imekufa.

Mapigo ya uongo yanatoka wapi? Variatere inakata umeme mara elfu nyingi kwa sekunde moja ili kuongoza mwendo wa motere kubwa. Kukata kule kunafanya kelele ya umeme, na kelele ile inaruka kutoka kable moja mpaka ku kable ya jirani, hata kama maganda ya plastiki hayajapasuka. Munajua namna inakuwaka wakati kwaya mbili zinajifunza mu jengo moja: wale wa upande wa kushoto wanajikuta wanaimba wimbo wa wengine. Waya ndogo ya amri ikilala pamoja na kable ya motere kubwa njia yote, inasikia kelele na kuipeleka kama amri. Na motere ya hatua, kama haina kifaa cha kuhesabu mizunguko, haina macho. Inaenda tu. Ordinatere yenyewe haijue kama shario imesogea.

Jambo la kutetemeka ni lingine kabisa. Tulizima kila kitu, tukatoa fishi ku ukuta, tukangojea. Hapa ninasimama kidogo: variatere inabakiza umeme ndani yake hata baada ya kuzimwa, na umeme ule unaweza kuua. Ungojee dakika zilizoandikwa juu yake. Nyingi zinaomba 5, zingine 10. Halafu tulifungua kable ya motere ya kisu upande wa boksi, tukaweka multimetere ku waya mbili za bobini moja. Ilionyesha om 1 na kidogo, sawa inavyofaa. Fundi akashika shario kwa mukono na kuisukuma pole pole kuelekea mandreni. Ilipobaki sentimetere 12, namba ikapotea. Akarudisha nyuma, namba ikarudi. Akafanya vile mara sita mbele ya watu wote, na kila mara ni pale pale.

Alipasua ganda la kable kwa kisu kidogo. Waya ilikuwa imekatika ndani kabisa, na ncha mbili zilikuwa zinagusana ao kuachana kadiri kable inavyokunjwa. Ganda la inje lilikuwa limeanza kukatwa na ukingo wa sinia, lakini halijatoboka. Kwa macho huwezi kuona kitu. Motere ya hatua ikipoteza bobini moja haiwezi tena kuchagua upande wa kwenda, njo inatetemeka pale pale. Nikamuuliza mudogo wa baba: “Pepo gani anachagua sentimetere 12?” Alicheka kidogo, lakini si sana.

Ninyi watu wa inchi ya shaba munajua hii habari kuliko wengine. Shaba inakubali kukunjwa, lakini kila mara unapoikunja inazidi kuwa ngumu, na mwisho inavunjika. Chukua kipande cha waya ya nyumba, ukikunje na kukinyoosha kwa vidole, utaona. Lakini waya iliyofanywa na nyuzi nyingi nyembamba sana inakubali kukunjwa mara nyingi zaidi, juu kila uzi unakunjika kidogo tu. Kwa hiyo ile kable ya nyumba, yenye waya moja nene, ilifanywa kwa kulala mu ukuta. Haikufanywa kwa kusafiri. Kwa kitu kinachotembea tafuta kable ya nyuzi nyembamba, iliyotengenezwa kwa kazi ya kukunjwa, yenye ganda ambalo halikuliwe na mafuta. Ganda la poliuretani linavumilia mafuta na kukwaruzwa kuliko lile la PVC. Bei yake inaumiza. Ni jambo la kuchekesha na la kuumiza pamoja: shaba inatoka kwetu Kolwezi na Likasi mu vipande vya bei ya chini, inazunguka dunia, halafu tunainunua tena kwa metere moja moja.

Na hapa niseme neno ambalo si la umeme. Ku soko utapata kable nzuri kwa bei ndogo, imekatwa ovyo ku ncha, pengine ganda limechomwa moto. Usijifanye haujui inatoka wapi. Kable ile imetoka ku masini ya mutu, ao ku pampu iliyokuwa inaletea mutaa muzima maji, ao ku laini ambapo kijana kama wewe alikufa akiikata usiku. Wazazi, mutoto akileta nyumbani metere 20 za kable bila karatasi, mumuulize mbele ya kumushukuru.

Turudi ku turu. Tulifanya nini? Tulianza kwa kutenganisha. Kable ya variatere ilipewa njia yake peke yake, chini nyuma ya masini. Waya za amri na za swichi zikapewa njia ingine, juu, mbali kwa sentimetere 30. Kama hauna nafasi ya vile, usishuke chini ya 20. Pahali ambapo ni lazima zikutane, zivukane kama njia panda, moja ikikata ingine kwa pembe ya mraba, zisilale pamoja. Hii haiombe feza hata moja, inaomba tu kufungua vifungo vya plastiki vilivyokuwa vinapendeza.

Halafu tukabadilisha kable ya variatere, tukaweka ile yenye nguo ya waya za kusukwa inayozunguka waya za ndani. Mafundi wanaiita blindaje. Kwa kable ya variatere, nguo ile inafungwa ku chuma pande zote mbili, ku boksi na ku motere, kwa kifungo kipana kinachoizunguka yote. Vijana wengi wanaisokota kama mukia wa panya na kuifunga ku vis moja. Vile inafanya kazi nusu. Kwa waya ndogo za swichi, sisi tulifunga nguo yake upande wa boksi peke yake, na upande mwingine tukaifunika kwa plastiki isiguse kitu. Kitabu cha kifaa chako kikisema namna ingine, ufuate kitabu.

Kuhusu kable inayosafiri na shario, tuliitoa mbele na kuipitisha nyuma, mbali na maganda. Ganda la chuma linalotoka ku kisu liko moto na linakata kama wembe. Likijizungusha ku kable, masini inaivuta yenyewe. Tuliweka munyororo wa plastiki wa kubeba kable, ule wa kufungwa juu, si ule wenye matundu ambamo maganda yanaingia na kukaa. Kable yetu ilikuwa na unene wa milimetere 8. Desturi nzuri ni kwamba kable haikunjwe kwa duara ndogo kuliko mara 10 ya unene wake, kipimo kikichukuliwa kutoka katikati ya duara. Hiyo ni milimetere 80, tukachukua munyororo wa 100. Safari ya shario ni milimetere 500. Ukifunga ncha isiyotembea katikati ya safari, munyororo unaomba nusu ya safari, 250, na nusu duara, 314, jumla 564. Tukaongeza viungo viwili, ikafika karibu 600. Kama ungefunga ncha ile ku mwisho wa masini, ungehitaji zaidi ya 800. Kwa hiyo pima kwanza, nunua kisha. Na masini isiegemee ukuta: munyororo wa namna hii uko na kimo cha sentimetere 20 na zaidi pahali unapokunjika.

Ndani ya munyororo, kable zilale zimenyooka, zisisokotane, zisifungwe pamoja, na zipate nafasi ya kusogea. Usijaze munyororo kama basi ya Kasumbalesa. Zinafungwa ku ncha mbili tu, pale munyororo unapoanza na pale unapoishia, ili kila mvuto ubaki ku kifungo na usifike ku vis za kuungia. Ndugu yetu wa umeme aliongeza jambo moja ambalo mimi sikulijua: ukinunua kable iliyozungushwa, usiivute kwa kichwa ikatoka kama mukia wa nguruwe. Uizungushe kutoka ku roda, uilaze chini siku moja ipumzike. Ile iliyoingia imesokotwa itajisokota tena ndani ya munyororo.

Maji meupe ya mafuta ya kupoza kisu nayo ni adui. Yanafuata kable kama mvua inavyofuata kamba ya nguo. Kwa hiyo mbele ya kuingia ku motere ao ku boksi, acha kable ishuke chini kidogo halafu ipande, ili tone lianguke pale chini na lisiingie. Boksi iingiliwe kutoka chini, kwa presetupe yenye kubana vizuri. Tena panya. Musicheke. Ateliye yenye magunia ya mahindi karibu iko na panya, na panya anapenda ganda la kable. Tundu lolote la boksi lisilotumika lifungwe.

Ku ncha za waya za nyuzi nyembamba, mbele ya kuziingiza mu vis, weka ile kofia ndogo ya chuma na kuibana kwa koleo yake. Bila ile, nyuzi zinatawanyika, zingine zinabaki inje, na uzi mumoja ukigusa jirani, kifaa cha kuongoza motere kinaungua. Na juu ya kifaa hicho, kijana, ushike neno hili kama unavyoshika nambari ya simu ya mama yako: usichomoe kamwe kable ya motere ya hatua wakati umeme ungali ndani. Hata sekunde moja. Kinaungua palepale, na bei yake ni mushahara wa mwezi kwa wengi. Kwa sababu hiyo tumia fishi yenye kujifunga kwa kuzungushwa, isiyochomoka kwa mutetemo.

Sasa waya ya tere. Mu Kumbukumbu la Torati sura ya 22, shairi la 8, Mungu anaagiza mutu anayejenga nyumba mupya aweke ukuta mudogo kuzunguka dari, ili mutu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Ninapenda sana agizo hilo, juu linaonyesha kwamba Mungu wetu anaangalia hata ukingo wa dari. Waya ya tere ni ukuta ule. Masini inatembea vizuri kabisa bila yenyewe, kama vile dari iko dari hata bila ukuta. Siku kable inakatwa na ganda la chuma na waya ya moto inagusa mwili wa turu, njo utajua kama uliijenga. Anayegusa turu siku ile pengine si wewe, ni mudogo wako aliyeleta chakula.

Kwa hiyo kwaruza rangi mpaka chuma ing’ae. Mwili wa turu, mwili wa kila motere, boksi na mulango wake, vyote vipate waya yao ya kijani na manjano, na zote zikutane ku kipande kimoja cha shaba mu boksi. Pima kwa multimetere kutoka ku kipande kile mpaka ku kila mwili: inatakiwa ionyeshe karibu na sifuri. Na fimbo ya tere inayoingia mu udongo iende chini sana. Kwetu Katanga udongo unakauka kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, na udongo mukavu haupokee umeme vizuri. Fimbo fupi iliyopimwa mu mvua ya mwezi wa 1 inakudanganya mwezi wa 8. Uipime wakati wa kiangazi.

Kazi yote ilichukua Jumamosi mbili. Ku mwisho wa ya pili tuliweka tena komparatere, tukawasha motere kubwa, tukawasha hata posti ya sudure ya jirani. Sindano haikutoka pahali pake saa nzima. Baba alikaa ku kiti akiitazama bila kusema.

Mama, sasa swali lako la pili, lile zito. Hukuniuliza kama ulozi uko ao hauko. Uliniuliza umufanye ndugu yako namna gani. Sitajifanya kwamba nguvu za giza haziko; Biblia inazitaja. Lakini amri ya 9, mu Kutoka sura ya 20, inakataza kumushuhudia mwenzako uongo, na mutu aliyemuhukumu mwenzake bila kufungua boksi na kuangalia ameivunja hata kama alikuwa anaomba usiku kucha. Mujomba aliomba feza, akakosa, akakaa ku kiti. Hakuna zaidi. Mbele ya wote niliwaomba wadogo wa baba waende kwake, si kumuita aje. Mukubwa wao alikwenda, na wakala pamoja. Wa pili anasema ya kable ameyaona, lakini moyo wake bado. Mimi na mashemasi tutarudi kwake. Wewe, mama, usingojee huyo wa pili. Ndugu yako ni wako. Umutembelee mchana, watu wakiona. Na masini musiiuze. Maombi tuliyafanya, ndiyo, nyuma ya kufunga boksi, na tulimuombea kijana na macho yake.

Kijana mwenyewe asivunjike moyo. Vis alizipanga vizuri, motere zimenyooka, na programu yake inatembea. Kwa shule aliyopata na vitabu alivyokosa, amefanya kazi ambayo wakubwa wengi wanaogopa kujaribu.

Kijana mwingine, wa Kambove, ameuliza: kama sina feza ya munyororo? Inawezekana. Chukua mupira wa chuma wenye kukunjika, ule uliofunikwa na plastiki, upitishe kable ndani, na uuninginize juu ku mukono wa chuma nyuma ya masini, ukiacha duara kubwa lisilogusa kitu shario ikifika pande zote mbili. Haipendeze sana, lakini kwa turu ya safari fupi inafanya kazi. Shario isukumwe kwa mukono mwanzo mpaka mwisho, masini imezimwa, na mutu wa pili akitazama duara lile pekee. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi, rudieni kipimo kile cha multimetere, shario ikitembea pole pole. Kinachukua dakika kumi.

Wengi wameuliza pia juu ya kibonyezo chekundu cha kusimamisha masini na mahali pa kukiweka. Ni jambo refu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutalianza, pamoja na dijonktere na boksi yenyewe.